"Wewe wa nani?" Jibu kwa mwalimu anayeandika riwaya ya mtu aliyejisahau

SWALI: Assalaamu alaykum, na shikamoo Bi Muuguzi. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, ninaandika riwaya ya kusisimua. Mhusika wangu anaanguka usiku kutoka kwenye mashua iliyokuwa ikitoka Tanga kuja Wete, kichwa kikagonga ubavu wa chombo. Anazindukana asubuhi ufukweni Kizimkazi, hajui jina lake wala kwao. Mfukoni ana ufunguo mmoja na picha ya mwanamke iliyorowa. Kuna watu wanamuwinda na hajui amewakosea nini, basi anaanza kujitafuta. Mwishoni anapigwa tena kichwani na kumbukumbu zote zinamrudia papo hapo. Rafiki yangu tabibu aliposoma alicheka mpaka akakohoa. Je, mtu anaweza kweli kusahau jina lake na bado akajua kusema, kusali na kushika usukani? Lile pigo la pili niliache? Na nifanye nini msomaji wa Unguja na Pemba aamini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, marahaba mwanangu. Sura sita ulizonitumia nimezisoma mara mbili. Mara ya pili umeme ulikuwa umekatika, nasoma kwa taa ya simu, na nilipofika pale mtu anaposimama nje akijaribu ufunguo mlangoni, niliinuka kwenda kutazama komeo langu. Kwa hiyo kuandika unajua. Tabu ni kwamba ugonjwa wa mhusika wako umeuokota kwenye filamu, na mie niliyefanya uuguzi wa maradhi ya akili miaka 26 naujua ule wa wodini. Ule wa wodini unatisha zaidi.

Majibu mafupi kwanza. Kusahau jina na kukumbuka kusema, kusali na kushika usukani: inawezekana, ingawa ni nadra. Pigo la pili: litoe. Na Kizimkazi nayo itoe.

Nianze na Kizimkazi, maana hiyo haitaki daktari, inataka mvuvi, na mie nimezaliwa katika nyumba ya wavuvi. Mkondo wa bahari yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unakimbia, wakati wa kaskazi unapoa, lakini haugeuki ukamrudisha mtu kutoka Pemba mpaka kusini ya Unguja. Aliyeanguka baina ya Tanga na Wete, Mungu akimnusuru, ataibukia juu zaidi: rasi ya Kigomasha, au aende zake mpaka Shimoni upande wa Kenya. Mweke Kigomasha, upande wa magharibi, ufukwe unaoitwa Panga ya Watoro. Jina lenyewe limeshakufanyia nusu ya kazi: pango la watu waliokimbia. Na njia ya kutoka pale ni ile inayokatiza msitu wa Ngezi mpaka Konde, miti imefunga juu, popo wakubwa wa Pemba wananing'inia. Una msitu kama huo nyuma ya nyumba yako halafu unampeleka mtu akakimbie kwenye korido za hoteli!

Sasa kichwa.

Mtu aliyepigwa kichwani anasahau nini? Anasahau lile pigo, anasahau saa au siku zilizotangulia, na kwa muda anashindwa kushika jambo jipya. Jina lake halisahau. Nimewapokea vijana wa bodaboda wasiohesabika. Kijana amelala kitandani, jicho limevimba, anakuuliza, "Pikipiki yangu iko wapi?" Unamwambia ipo kituo cha polisi. Anatulia. Unageuka kuchukua kipima joto, unamsikia nyuma yako, "Dada, pikipiki yangu iko wapi?" Ataiuliza mara arubaini kwa usiku mmoja, kila mara kwa wasiwasi ule ule mpya. Lakini muulize jina, la baba, la babu, namba ya simu ya mama yake: anakutajia bila kusita. Kumbukumbu inaungua kuanzia ukingo wa karibu. Mambo ya utotoni, yaliyorudiwa maelfu ya mara, yamekaa ndani kabisa, na jina la mtu ndilo lililorudiwa kuliko yote.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika kadhaa, miongoni mwa sehemu zinazoumia mwanzo ni ile iitwayo hipokampasi, moja kila upande, ndani ya kichwa usawa wa masikio, na kazi yake ni kuyafanya ya leo yawe kumbukumbu ya kesho. Aliyeharibika hapo anajijua. Anachoshindwa ni kuendelea. Mtu maarufu wa aina hiyo alikuwa Mmarekani, Henry Molaison. Mwaka 1953, Molaison akiwa na miaka 27, daktari mpasuaji William Scoville alimkata sehemu hiyo pande zote mbili ili kumtibu kifafa. Kifafa kilipungua, na tangu siku ile mpaka alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi jambo jipya la maisha yake. Mtafiti Brenda Milner alimfuatilia kwa miaka na miaka, na kila akiingia mlangoni alikuwa mgeni. Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu kweli, jaribu utaona. Siku ya kwanza alikosea ovyo. Siku ya tatu mkono wake ulikwenda vizuri, na yeye mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya.

Kishike hicho kisa cha mkono, tutakirudia.

Kwa hiyo yule anayesahau jina lake, kwao na mkewe, lakini anasema sawasawa, anahesabu chenji, anajifunza njia za mji mpya bila tabu, huyo kwa kawaida hakuumia ubongo. Ukimpiga picha za kichwa utakuta pazima. Huyo amefunga mlango kwa ndani. Sisi tuliwaona wachache sana, na kila mmoja, ukichimba, kulikuwa na jambo lisilovumilika kabla yake: vita, deni, aibu, kifo alichokisababisha au anachodhani amekisababisha. Hadanganyi. Hajui kama amefunga. Na wengine wanaondoka kabisa wakaanza maisha mahali pengine.

Kisa cha kale kilichoandikwa vizuri ni cha Ansel Bourne, mhubiri wa Rhode Island huko Marekani. Januari 1887 alitoa fedha zake benki akapotea. Miezi miwili baadaye, katika mji wa Norristown, Pennsylvania, mwenye duka dogo la vitu vidogo vidogo na matunda aliyejiita A. J. Brown aliamka alfajiri na kuwauliza watu wa nyumba ile yuko wapi na kafikaje. Majirani walimjua kwa Brown, mtu mpole, analipa kwa wakati. Yeye alisema ni Bourne, na duka hilo halijui. Mwanafalsafa William James alimchunguza baadaye na kukiandika kisa hicho mwaka 1890. Tazama majina sasa: Bourne, Brown. Alijisahau mpaka akafungua duka, lakini herufi za jina lake zilivuja. Wewe unayetaka msomaji afumbue fumbo, hapo una uzi bora kuliko ile picha iliyorowa. Mhusika wako akibanwa ajitajie jina, atatoa la kwanza linalomjia mdomoni, na liwe la mtu ambaye hapaswi kulijua.

Hii ina maana moja kubwa kwa riwaya yako. Umeipanga kama kwamba bahari ndiyo iliyompokonya nafsi. Siyo. Bahari ilimlowesha tu. Kilichomsahaulisha kilitokea kabla hajapanda mashua, na wewe mwandishi lazima ukijue kwa saa na dakika hata kama msomaji hatakijua mpaka ukurasa wa 200. Lile pigo la kwanza la kichwa libaki, kwa sababu litawadanganya madaktari wako, wawindaji wako na msomaji wako. Watashughulika na kovu. Yule tabibu rafiki yako naye atanyamaza, maana utakuwa umemtangulia.

Sasa mkono. Umeandika kwamba anagundua anajua kupigana: watu watatu kichochoroni, anawalaza chini. Filamu tena. Na siamini ngumi ndicho kitu ambacho mwili wa mtu wa Pemba umekihifadhi kuliko vyote. Mpeleke barazani Konde baada ya alasiri. Wazee wawili wanacheza bao, mmoja anaitwa nyumbani kwake, wanamwambia yule mgeni ashike nafasi. Anasema hajui mchezo huu. Anasema kweli. Wanamlazimisha kwa dhihaka. Anakaa, anashika mkononi kete 22 za namua, zile za kuanzia mchezo, na hapo andika taratibu, usikimbie: kidole gumba kinavyozisukuma moja moja, macho hayahesabu, anatia kete, anakula, anaanzia kichwa, anazunguka, kete zinaanguka mashimoni kwa mlio wa mvua ya rasharasha. Anafika kwenye nyumba, lile shimo kuu, anaweza kusafiri, yaani kuzichota kete zake na kuendelea, halafu kwa uchoyo fulani analala, yaani anasimama hapo, mahali ambapo mchezaji yeyote angesafiri. Wazee wanaacha kucheka. Mmoja anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, kama kwamba mgeni hayupo: "Mtu mmoja tu alikuwa akilala hapa." Mwenzake anajibu: "Na hitima yake tuliisoma."

Hakuna ngumi. Msomaji wa Pemba atalala na taa.

Vingine vya kutumia: akitia udhu hakosei, viungo vinafuatana vyenyewe. Akisoma Fatiha kwa sauti kuna herufi anaivuta kama ilivyovutwa na maalim mmoja wa chuo fulani, na mtu aliyesoma chuo hicho ataitambua. Akipewa karafuu mbichi anazichambua, makonyo huku, karafuu huku, huku anazungumza mambo mengine. Mtu wa mjini Unguja hana mkono huo. Na ulimi. Hii umeipuuza na inaniudhi, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa lugha. Wahusika wako wote wanasema Kiswahili cha taarifa ya habari. Mtu wa Micheweni haongei kama wa Mkoani, na Mmakunduchi akiamua kusema Kikae, hata sisi wa mjini tunabaki kutabasamu tu. Mtu aliyejisahau hausahau ulimi wa utotoni. Akishikwa na homa usiku akaweweseka, aweweseke kwa kilugha cha kwao, na yule anayemuuguza akijue au asikijue: yote mawili yana hadithi.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka hasa kukwambia.

Ukurasa wa 14 mhusika wako anajitazama kwenye kioo na kujiuliza, "Mimi ni nani?" Mwanangu, kwetu swali hilo nani analiuliza? Bibi wa Makangale akimkuta kijana amekaa chini ya mkungu hatamuuliza wewe nani. Atamuuliza, "Wewe wa nani?" Jina tupu halimtoshi. Atataka la baba, la babu, kisha kwenu wapi, kisha fulani bin fulani unamjua, na akifika hapo ameshakuweka mahali pako kwenye mkeka. Huku kwetu mtu halishiki mwenyewe jina lake. Ameshikiwa na wengine. Kwa hiyo anayejisahau London au Chicago anaweza kutembea mitaani mwaka mzima hana jina, na hiyo ndiyo khofu yake. Anayejisahau Pemba hatamaliza wiki hana jina. Watu watampa. Na khofu iko hapo: ni nani atakayewahi kumpa, na kwa nini.

Andika siku za mwanzo kama zitakavyokuwa kweli. Wavuvi wanamkuta, wanamfunika shuka, wanampa uji. Mtu anakwenda kumwita sheha, kwa sababu mgeni shehiani bila sheha kujua ni jambo la kesi. Kabla ya hospitali kutajwa, mtu mzima mmoja atasema huyu kachukuliwa na shetani, na wengi watakubaliana naye. Wataita wa kumsomea. Ataandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, lisuuzwe kwa marashi, anywe. Usiwakejeli. Nimefanya kazi na wagonjwa waliopita huko kwanza karibu wote, na kusomewa na watu wanaokujali, ukashikwa kichwa, ukalazwa penye utulivu, kunamsaidia mtu aliyefunga mlango kwa ndani kuliko wodi yenye kelele. Kwa riwaya faida yake ni nyingine: kunamweka nje ya macho ya serikali kwa siku kadhaa, na habari zake zinatembea kisiwa kizima kwa midomo kabla karatasi yoyote haijaandikwa. Wawindaji wako hawahitaji upelelezi wowote. Wanahitaji kukaa kwenye gahawa tu.

Halafu kuna kitambulisho. Umeweka hadithi mwaka huu. Alama za vidole vya mtu mzima zimo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na hata laini ya simu imesajiliwa kwa kidole. Askari mmoja mwenye kifaa anaifunga riwaya yako ukurasa wa 20. Una njia mbili. Ya kwanza, irudishe nyuma, miaka ya tisini, kabla ya sheria ya kitambulisho ya 2005 na kabla ya simu za mkononi kuenea, na utapata pia ile raha ya barua na redio. Ya pili naipenda zaidi. Acha wapime kidole. Acha kifaa kitoe jina, la baba na la babu, yote yamenyooka. Na mbele ya jina kiseme kwamba mtu huyo ni marehemu.

Maana mtu akipotea baharini na miaka ikapita, mahakama inaweza kumhukumia kuwa amekufa. Ikishafanya hivyo mambo mengi yanakwenda na hayarudi kirahisi. Mke anakaa eda miezi minne na siku kumi. Mirathi inagawiwa: nyumba, sehemu ya mashua, na kwa Pemba, mikarafuu. Shamba lenye mikarafuu ya kuzaa si kitu ambacho ndugu anakirudisha kwa tabasamu. Mke ameolewa, pengine na huyo huyo ndugu, wana mtoto. Hakuna mtu mbaya hapo. Kila mmoja amefuata sheria na dini, na kila mmoja ana sababu ya kuomba huyu mgeni wa Panga ya Watoro asijikumbuke kamwe. Wawindaji wako wenye miwani myeusi kutoka bara siwahitaji tena. Na lugha yetu imekuwekea neno mezani: mwanamke aliyekaa eda anaitwa kizuka, na kinachotokea usiku kikiwa kimeshakufa nacho ni kizuka. Litumie mara moja tu, usilishereheshe.

Au ligeuze. Badala ya kukanwa, adaiwe. Mama aliyepotelewa na mwanawe aje amshike uso aseme, "Huyu wangu." Jambo hili lilitokea Uingereza, na lilisimamisha nchi nzima. Roger Tichborne, mrithi wa ukoo tajiri, alipotea baharini mwaka 1854. Mama yake hakukubali kwamba amekufa, akatangaza kwenye magazeti mpaka Australia. Mwaka 1866 akajitokeza muuza nyama wa mji mdogo uitwao Wagga Wagga, mtu mnene, hana adabu za kikabaila, akasema ndiye. Mama alimpokea huko Paris na kumwita mwanangu mpaka alipofariki mwaka 1868. Roger halisi alikulia Ufaransa, Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha yake ya utotoni. Huyu hakukijua. Zikaendeshwa kesi mbili za miaka kadhaa, na mwaka 1874 akafungwa miaka 14 kwa kiapo cha uongo, mahakama ikimtaja kuwa ni Arthur Orton, mtoto wa muuza nyama wa London. Ulimi, unaona? Lakini mama hakusikiliza ulimi.

Orton, kwa hukumu ile, alikuwa mwongo. Wako hana hata uongo, ana nafasi tupu, na nafasi tupu inajazwa. Elizabeth Loftus na John Palmer walifanya jaribio mwaka 1974: watu wakatazama filamu ya ajali ya magari. Wengine wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika 50 walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 waliviona. Katika 50 wa neno la kugongana, 7. Vioo havikuwepo. Neno moja, na mtu mwenye akili timamu amekumbuka vioo. Sasa fikiria mtu asiye na kitu kichwani, kila usiku amekaa na mama mpole anayemwambia, "Hukumbuki ulipoanguka kwenye mwembe ule? Ulilia hapa, mapajani pangu." Baada ya mwezi ataukumbuka mwembe. Ataonyesha na kovu. Na msomaji, ambaye sura ya tatu umemwonyesha kovu lile lilivyopatikana hasa, atataka kupiga kelele.

Hapa niseme neno juu ya sura yako ya tatu, pale unapodokeza kwamba huyu mtu alikuwemo kwenye MV Spice Islander. Iondoe. Meli ile ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na ziko nyumba hapo hapo Wete ambazo hazikupata maiti ya kuzika. Mama wa nyumba hizo hahitaji riwaya ya kusisimua kumwambia kwamba huenda mwanawe yu hai anatembea Kigomasha bila jina. Ameshajiambia mwenyewe, usiku mwingi. Zamisha chombo chako cha kubuni.

Umeuliza pia, kwa kupita, polisi watajuaje kama anaigiza. Swali zuri, na jibu lake ni sura nzima ukitaka. Unamwonyesha mtu picha 50, moja moja. Kisha unamletea mbili mbili, moja aliyoiona na moja mpya, unamuuliza ipi uliyoiona. Asiyekumbuka hata moja, akibahatisha tu, atapata karibu na 25. Mwenye kuigiza anataka aonekane amesahau sana, basi anakwepa jibu la kweli, anapata 9. Ili ukose mara nyingi hivyo ni lazima ujue. Muuguzi wako amalize kuhesabu, akunje karatasi, aagize chai, na asiseme kitu. Wala usinieleze mhusika wako alipata ngapi mpaka baadaye.

Limebaki pigo la pili. Kumpiga mtu mwenye kichwa kibovu ni kumuongezea ubovu, basi. Aliyefunga kwa ndani kwa kawaida hufungua mwenyewe, siku au wiki, mara nyingine zaidi, na hafungui mlango wote. Nitakupa kisa kimoja cha wodini. Hospitali siitaji, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili mwenyewe asitambulike.

Aliletwa mtu wa makamo aliyekutwa dikoni amekaa peke yake tangu asubuhi. Hakuwa na jeraha. Alizungumza vizuri, kwa adabu, na jina hakulijua. Tulimuita Mgeni. Siku ya nne mlinzi mmoja alileta nyavu zake zilizochanika kuzishona wakati wa zamu, Mgeni akamnyang'anya sindano bila hata kuomba, akazishona mpaka magharibi. Kuanzia hapo tulimletea nyavu kila siku. Wavuvi wa mtaa wakapata fundi wa bure.

Siku ya 11 kaka yake alifika kwa boti. Alisimama mlangoni mwa wodi akamuita, si kwa jina, kwa lakabu ya utotoni ambayo sitaiandika. Mgeni hakuinua kichwa. Lakini mie nilikuwa nimekaa mbele yake, nikaiona sindano imesimama katikati ya jicho la wavu. Halafu ikaendelea. Akamtazama yule kaka akamkaribisha kama anavyokaribishwa mtu usiyemjua, na akaomba chai. Nilipomletea akasema isiwe na sukari, kama alivyozoea kusema tangu afike. Kaka akanivuta nje kwenye korido, machozi yamemlenga, akaniambia, "Dada, sura ni yake. Lakini mdogo wangu anatia vijiko vinne. Huyu siye." Alikuwa tayari kurudi na boti ya jioni. Tulimbembeleza alale.

Kilichotoka baadaye kilitoka vipande, na havikufuata mpango. Kwanza alisema ananusa petroli, na hakuna petroli wodini. Kisha akasema mashine ya boti, waliyoinunua watu watano kwa shirika, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Ilikuwa imekwenda chini ya maji kwa uzembe wake, naye hakumwambia mtu. Akataja thamani yake kwa shilingi, yote, mpaka salio ambalo hawajalipa. Jina la mkewe likaja. Deni alilikumbuka Jumatano. Jina lake mwenyewe, Ijumaa.

Chai aliendelea kuinywa bila sukari mpaka siku aliyoruhusiwa, na kaka yake kila akiitazama ile bilauri aligeuza uso.